Siku ya Kupika Haingii Mtu

Nina mtumishi mmoja. Kila akifanya kazi anakonda, na siku akiisha hakuna anayemlilia, anatumwa mtu akalete mwingine. Ni nani huyo?

Fikiri taratibu, msomaji wangu. Mimi nimekaa, miguu imevimba, sina pa kukimbilia.

Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeupokea, nimeuzunguka, nimekula nikashiba, nimerudi. Mtumishi huyo ni kipande cha sabuni.

Na kipande hicho hicho ndicho kilichonitoa jasho wiki zote hizi ninazokusimulia.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni dobi, nafua mashuka ya watu kwa mikono tangu kichwa changu hakijaota mvi hata moja. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, kile ambacho kila kitu chake kina picha ya mwewe. Miaka minane iliyopita kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, ilimmwagikia mikononi. Kiwanda kikasema ni uzembe wake, eti alivua glavu. Kikamwachisha kazi kwa barua ya mistari mitatu.

Nikaapa nikiwa nimesimama nje ya wodi: cha mwewe hakiingii nyumbani kwangu mpaka nife.

Wiki ya kwanza nilikusimulia nilivyomrudishia mdogo wangu zawadi yake mbele ya wageni, miaka mitatu nyuma, kopo la mafuta ya kujipaka, kwa sababu chini ya kopo alikuwepo mwewe. Wiki ya pili uliniona nikiiacha kazi ya zahanati kwa sababu hiyo hiyo. Wiki iliyopita nilikuacha uani kwangu, Jumatatu asubuhi, magunia matatu ya sabuni ya unga yakishushwa kutoka kwenye mkokoteni, kila gunia na mwewe wake kifuani.

Basi tuingie uani.

Aliyeyaleta ni meneja wa nyumba ya wageni ninayoifulia. Tunamwita Dada Funguo, maana funguo zake husalimia kabla yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hayo magunia umekosea nyumba."

"Sikukosea. Kuanzia leo mashuka yanafuliwa kwa hii."

"Hiyo siigusi, na sababu unaijua."

Akashusha pumzi. Si mtu mbaya, Dada Funguo. Ana watoto wake na mabosi wake, na uso wa mtu anayelala saa nne tu kwa usiku mzima.

"Bibi, wenye nyumba wamepatana na wenye mwewe. Sabuni inakuja bure, sisi tunabandika tangazo lao mapokezi. Mimi nimeajiriwa tu, kama wewe."

"Wewe una meza. Mimi nina karai."

Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Sikiliza. Wenye mwewe hawatakuja kunusa mashuka. Fua kwa sabuni yako, kimya kimya, mimi sijaona. Lakini Alhamisi nyumba inajaa, kuna watu wa mkutano. Jozi sitini, bibi. Nyeupe, kavu, Alhamisi asubuhi. Zisipofika naleta mashine na mtu wa kuiendesha. Nimekukingia kifua mara mbili. Ya tatu kifua hakipo."

"Na magunia?"

"Yaache hapo. Labda moyo utageuka."

"Moyo wangu si shati, mwanangu, kwamba ukichakaa upande huu nigeuze ule."

Akaondoka, funguo zikimfuata.

Sasa nikuambie kilichokuwa kwenye mizani, usije ukadhani ni ubishi wa kizee tu. Zahanati nilikwisha kuiacha. Nyumba ya wageni ndiyo kazi iliyobaki. Ndiyo inayomvisha mjukuu wangu sare, ndiyo inayowasha jiko. Ikiondoka hiyo, kiapo changu kitabaki peke yake ndani ya nyumba, na kiapo hakipikiki.

Mche mmoja wa sabuni unanifulia jozi tano. Nilikuwa na miche miwili. Nikafua jozi kumi siku ile ile, nikaanika, nikaisha nguvu. Zilibaki jozi hamsini na mimi.

Jumanne mchana nikavaa miwani nikaenda duka la kona.

Mwenye duka anaitwa Subiri. Ukimwuliza chochote, hata saa, neno la kwanza ni hilo.

"Nipe sabuni ya mche, ile ya ndimu," nikamwambia. "Miche kumi."

"Subiri, bibi. Kabla sijaifunga, igeuze nyuma."

Nikaigeuza. Mwanzoni nikaona maandishi tu. Nikaisogeza kwenye mwanga. Pale chini pembeni, kadogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, alikuwepo. Amekunja mbawa, ananiangalia.

"Tangu lini?"

"Mwezi uliopita. Wamekinunua kile kiwanda cha ndimu chote, na walinzi wake."

"Na ile ya bluu?"

"Ya bluu ilikwenda mwaka jana, pamoja na chumvi."

"Kiberiti je?"

"Bibi, kiberiti usiniulize, tusije tukakosana."

Nikairudisha sabuni rafuni. Nimeirudishia vitu vingi ile rafu. Chai niliiacha mwaka juzi, mwewe alipoinunua. Tangu hapo nakunywa maji ya moto na kuyaita chai. Ukitaka kujua uzee, kunywa maji ya moto asubuhi huku jirani ananukia majani.

"Ukiendelea hivi," Subiri akasema, "utabaki kununua hewa."

"Hewa ina nembo?"

"Bado hawajaifikia." Akaegemea kaunta. "Lakini bibi, nikuulize. Mimi nina rafu nne za mwewe humu ndani. Nakula kwa mwewe, nalala kwa mwewe. Na kila siku unapita, unanisalimia, unaniombea dua. Mbona mimi hujanisusia?"

"Wewe hukumchoma mtu."

"Nauza cha aliyechoma."

Nikamwambia miwani imeingia vumbi, nikaivua nikaifuta, nikatoka nikiwa bado naifuta.

Nikuungamie jambo, msomaji wangu. Kususia ni kazi ya mwenye duka la pili la kwenda. Sisi wenye duka moja tunasusia kwa kuacha tu: unaacha hiki, unaacha kile, mpaka siku moja unakuta kilichobaki ni wewe na beseni tupu. Niliwaza hayo nikiwa njiani, nikajikemea. Nikasema, bado yupo Mama Povu.

Mama Povu ni mpika sabuni. Miaka minane yote hii, sabuni yangu inatoka kwake, ya dukani nanunua ikiniishia tu; anaipika uani kwenye pipa, anaimimina kwenye fremu za mbao, anaikata kwa waya. Haina nembo, haina harufu, ina rangi ya meno ya mzee. Nimeisifia kwa kila mtu. Nilikuwa nikiishika mkononi nasema, hii ndiyo sabuni ya mtu mwenye kinyongo safi.

Tatizo ni kwamba ilikuwa Jumanne.

Wapika sabuni wa huku kwetu wana mwiko wao. Siku ya kupika haingii mtu. Wanasema sabuni ikionwa na jicho geni kabla haijashika, inakatika, maji yanakwenda huku na mafuta huku, na pipa zima linamwagwa. Kwa hiyo siku ya kupika mlango unakingwa kwa ufagio uliolazwa, na ukiuona ufagio unarudi ulikotoka, hata kama umebeba habari ya msiba. Mama Povu anapika Jumanne. Anauza Ijumaa, mlangoni, imeshafungwa kwenye gazeti. Nimeuheshimu ufagio ule miaka minane, sijawahi hata kuchungulia.

Nikafika. Ufagio ulikuwepo.

"Hodi."

Kimya. Nasikia pipa linachemka, linaguna kama mtu anayeota.

"Hodi, Mama Povu. Ni mimi."

Nikafikiria jozi hamsini. Nikafikiria mashine na mtu wa kuiendesha. Nikauinua ufagio, nikausimamisha ukutani kwa adabu, nikaingia.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, beseni mapajani. Mkononi ana kisu cha mezani. Anakwangua kitu, anakitupa kwenye pipa, anachukua kingine. Anakwangua kwa mkono wa mazoea, kama mtu anayemtoa samaki magamba.

Nikasogea. Beseni limejaa vipande vya sabuni, vingine nusu, vingine robo, vilivyovunjika. Na juu ya kila kipande ambacho kisu hakijakifikia, mwewe.

"Ufagio hukuuona?" akasema bila kugeuka.

"Nimeuona."

"Basi pipa umeshaliharibu."

"Pipa ndilo limeharibika?"

Akageuka. Hakuficha kisu, hakuficha beseni. Alinitazama kama mtu aliyekuwa akisubiri mgeni kwa muda mrefu na sasa afadhali amefika.

"Kaa," akasema, akinisogezea kigoda cha pili. "Unaonekana umechoka kuliko mimi."

Nikakaa. Miguu haikuniuliza.

"Tangu lini, Mama Povu?"

"Miaka mitatu. Miaka mitano ya kwanza nilipika kwa mafuta, haki ya Mungu, ulikuwa ukifua kwa sabuni halali. Kisha mafuta yakapanda bei, nikashindwa. Na wewe kila Ijumaa uko mlangoni na kikapu chako. 'Mama Povu, Mungu akuweke, duka langu ni wewe.' Ningekwambia nini? Nenda kwa mwewe?"

"Ungeniambia ukweli."

"Halafu ufulie nini? Mate?"

"Ningejua mwenyewe."

"Ungejua." Akachukua kipande kingine. "Dada, wewe ulitaka sabuni isiyo na mwewe. Hii haina. Namtoa mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka kidole kimeota sugu, tazama. Kiwanda gani duniani kitakufanyia hivyo?"

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na kile kicheko ndicho kilichoniuma kuliko yote. Miaka mitatu nimemfulia mwewe. Mdogo wangu nimemtukanisha mbele za watu kwa kopo moja la mafuta, na mimi mwenyewe naoga naye kila jioni, nimemvua nguo tu nisimtambue.

"Vipande hivi haviuzwi dukani," nikasema. "Unavitoa wapi?"

Akainuka, akachukua mwiko mrefu, akaanza kukoroga.

"Analeta mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa ndani. Wale wa kufungasha hugawiwa vilivyovunjika kila mwisho wa wiki."

"Ana jina huyo mtu?"

"Binti yako anafanya kazi wapi siku hizi?"

"Anafagia shule ya chekechea. Unajua."

"Shule zikifunga?"

"Zikifunga nini?"

"Zikifunga, watoto wakienda likizo. Yeye hukaa nyumbani?"

Nikahesabu likizo kwa vidole.

Likizo mjukuu wangu hushinda nami uani, ananipa vibanio. Mama yake huondoka asubuhi vile vile, hurudi jioni vile vile. Miaka mitatu sikuwahi kujiuliza shule isiyo na watoto inafagiwa nini. Mimi mtega vitendawili, na hicho kilikaa mezani kwangu kila siku tunakula nacho.

"Amerudi kule," nikasema. "Amerudi kwa wale wale."

"Kwenye kufungasha. Na vipande ni yeye aliyevileta, mimi sikumwomba. Alikuja na mfuko, akasema, 'Mama Povu, wewe huna mafuta, na mama hana sabuni. Usimwambie.' Nikamwambia siwezi kumficha mama yako. Akasema, 'Ufagio si upo? Mama hauvuki.'"

Pipa likaguna.

"Nitamwuliza leo leo," nikasema, nikijaribu kusimama.

"Mwulize. Lakini ukimwuliza hilo, mwulize na la siku ile. Glavu zilikuwa wapi?"

"Glavu zipi?"

"Siku aliyoungua. Kiwanda kilisema alizivua. Yeye alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikuwa analia. Hawakumpa glavu, hilo linajulikana."

"Linajulikana na nani?"

"Na mimi."

"Ulikuwepo?"

"Mama Povu, mtoto ameungua mikono miwili, mimi nianze kumhoji kama askari?"

"Siku ile hapana," akasema. "Lakini dada, imepita miaka minane."

Akanifungia miche kumi ya pipa la alfajiri kwenye gazeti, akaniwekea mapajani. Nikaitazama. Ilikuwa bado na uvuguvugu. Nikaiweka juu ya kigoda, nikatoka, nikaukinga ufagio mlangoni kama nilivyoukuta. Sabuni yake haikuwa imekatika, nilichungulia. Ilishika vizuri tu.

Binti yangu alirudi jua lingali kwenye kamba. Alinikuta naanua zile jozi kumi za jana. Akaweka mkoba, akashika ncha mbili za shuka bila kuambiwa, kama siku zote.

Ukitaka kumjua mtu kunja naye mashuka. Mnasimama mbali, mnavuta, mnapiga vumbi, mnakunja kati. Kisha mnakutana, uso kwa uso, ncha zinaingia kwenye ncha. Kisha mnaachana tena. Maneno husemwa mnapokutana. Mkiachana mnavuta kimya.

Mikono yake unaijua, nilikwisha kukueleza: ngozi inang'aa kama karatasi iliyolowa ikakauka, na vidole viwili vya kulia havikunjiki. Hushika shuka kwa gumba na kiganja.

Tukakutana.

"Shuleni hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Tukaachana. Tukavuta. Tukakutana.

"Watoto wako wangapi siku hizi?"

"Mama."

"Nauliza tu."

Tukachukua shuka la pili.

"Nimetoka kwa Mama Povu," nikasema.

"Leo Jumanne."

"Najua leo ni Jumanne."

Shuka likalegea upande wake. Likashuka, likagusa ardhi. Tangu awe na umri wa kwenda shule hajawahi kuliachia shuka liguse ardhi.

"Miaka mitatu," nikasema.

"Mitatu."

"Kwenye kufungasha."

"Kule hakuna kostiki, mama. Nabandika karatasi tu."

"Karatasi ya mwewe."

"Ya mwewe."

"Basi wewe unambandika, na Mama Povu anambandua."

Mdomo wake ukacheza kidogo, nusu ya kicheko, kikarudi kilikotoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia siku gani?"

"Siku yoyote."

"Siku uliyomrudishia mama mdogo kopo lake mbele ya wakwe zake? Nilikuwa nimesimama pale, mama. Nilikuwa na mwezi mmoja kazini. Nilisema, leo leo namwambia. Kisha nikakuona ulivyolishika lile kopo, kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa. Mama mdogo ni tumbo moja na wewe, na hamjasemezana mpaka leo. Mimi ningekuwa kopo gani?"

Nikatafuta pa kukaa. Nikakaa kwenye karai lililofunikwa.

"Nilikuwa nakupigania wewe."

"Najua."

"Nimeacha chai kwa ajili yako."

"Najua, mama. Kila nikipewa chai kazini najua. Nikipita kwa Subiri, nawasikia, 'huyu ndiye aliyechomwa na mwewe,' wananitazama mikono kabla ya uso. Hiyo pia najua. Huku nimeficha kitambulisho cha mwewe ndani ya soksi."

"Ndani ya soksi?"

"Kwenye mkoba ungekiona."

Nikaona jinsi alivyochoka. Nilidhani kwenye nyumba ile mchovu ni mimi, kumbe tulikuwa wawili, kila mtu amebeba mzigo wake kwa siri asimwelemee mwenzake, na wote tumepinda mgongo.

"Ningepata kazi kwingine nisingerudi kwao," akasema taratibu. "Nilizunguka miaka mitano. Kila mahali wanatazama vidole hivi. Pale tu ndipo hawakuuliza vimefanya nini."

"Kwa sababu wao ndio waliovifanya."

Akaanza kupanga mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Hapo ndipo neno la Mama Povu liliponijia kooni. Nilijaribu kulimeza. Nikakumbuka nilivyomwambia kila mtu, hospitalini, kwenye vikao vya ndugu, kwa Subiri, kwenye gazeti hili mbele yako wewe: hawakumpa glavu. Nikatafuta kumbukumbu ya siku aliyoniambia hivyo kwa mdomo wake. Nikatafuta sana. Sikuipata.

"Mwanangu," nikasema. "Siku ile. Glavu zilikuwa wapi?"

Akainama, akaliokota shuka lililogusa ardhi. Akalikung'uta. Akalitazama doa, akalitupa kwenye beseni la kurudia.

"Tumalizie haya, mama. Umande utaingia."

Tukachukua jingine. Tukavuta, tukapiga, tukakunja, tukakutana. Alikuwa ananitazama shingoni. Tukachukua jingine. Nilihesabu mashuka matatu hivyo, na swali langu limekaa katikati yetu, tunayakunja pamoja nalo.

Simu ikaita mfukoni mwangu. Ni Dada Funguo.

"Bibi, shikamoo. Yule mtu wa mashine anataka nimjibu leo. Nikimkataa anakwenda kwingine. Zile jozi zinakwendaje?"

Nikatazama ukuta wa uani. Jozi hamsini zimelala kwenye kapu, nyeupe kwa mbali, chafu kwa karibu. Pembeni yake magunia matatu, hayajafunguliwa. Sabuni ya kutosha mji mzima, hatua nne kutoka kwenye karai langu.

"Bibi? Utazifua au nimwambie aje?"

"Nipe nusu saa, mwanangu. Kuna neno nangoja."

"Nusu saa, bibi. Siwezi zaidi."

Nikaiweka simu. Binti yangu alikuwa amesikia. Alisogea mpaka kwenye magunia, akakaa juu ya lile la mbele, mwewe mzima amefichika chini yake. Akaiweka mikono mapajani, viganja juu, akaitazama kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Ukitaka kuzifua kwa hii, nitakusaidia kuzifua," akasema. "Ukitaka kukataa, nitakwenda mwenyewe kwa Dada Funguo nimwombe radhi. Lakini usiamue kwa ajili yangu kabla hujasikia."

"Basi sema."

"Utaniacha nimalize?"

"Lini nimekukatiza?"

"Mama, hujawahi kuniuliza."

Nikamwashiria aendelee. Alipoanza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekuambia ufunguo ameuweka wapi.

"Zilikuwa kwenye msumari, nyuma ya mlango. Jozi mpya. Msimamizi alinipa asubuhi ile, akanivisha mwenyewe, akasema nisizivue. Alipogeuka nikazivua nikazitundika, mama. Kulikuwa na joto."